Msimu wa Kuulizwa Hali

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiihii ndipo tulipoanza. Bosi alitukusanya asubuhi kwenye chumba cha mafaili maana ukumbi unavuja. Akasema kila anayepokea posho ya ulemavu au ya uzee atapimwa upya, hata kama yumo kwenye orodha tangu enzi. Tutamuuliza maswali, tutabonyeza majibu kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo itakayosema nani anabaki na nani anatoka. Majibu ni mawili tu: anaweza, hawezi.

"Na jambo moja," akasema, huku akizigeuza soksi zake alizozianika dirishani. Bosi huja kazini na jozi mbili msimu wa mvua. Moja ya kulowa, moja ya kuvaa. "Msiwalishe watu maneno. Nikimkamata mtu anafundisha majibu, kazi hana. Andika alichosema, basi."

Tukaitikia. Kipaza peke yake alikohoa. Kipaza ni mwenzangu wa meza ya pili, chumba cha jirani, na jina hilo tulimpa kwa sababu hajui kunong'ona. Akikuambia siri, mtaa mzima umeambiwa.

Mimi kwenye mkataba naitwa afisa msaidizi wa ustawi. Kazi yangu ni kuwashika watu mkono wavuke salama kutoka utaratibu wa zamani kwenda huu wa sasa. Nimeianza nikiwa na moyo.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Umeme umekatika. Watu wote tumewarudisha.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeshaiona shida iko wapi. Watu wetu ukiwauliza hali watakujibu sijambo. Mtu ameletwa kwa mkokoteni, unamuuliza habari za nyumbani, anakuambia nzuri, ndipo anaanza kulia. Ndivyo tulivyolelewa: njema kwanza, mengine baadaye. Kompyuta haina baadaye.

Leo nimemuuliza bibi mmoja asiyeona kama anaweza kujipikia.

"Naweza, mwanangu. Nikiungua, naungua."

Nilitaka kumuuliza anaungua mara ngapi. Nikautazama mlango wa Bosi. Nikabonyeza anaweza.

Jumatano, 11 Machi

Leo amekuja Fundi. Mji huu mzima unamjua. Nusu ya nyumba za mtaa wetu alizijenga yeye, na ukuta wa ofisi yetu ya zamani pia. Miaka sita iliyopita jukwaa lilivunjika akiwa juu, uti wa mgongo ukaumia. Tangu hapo yeye na mkewe wanaishi kwa posho.

Mlango wangu ulikuwa wazi, nikawaona wakiwa bado ukumbini. Mkewe alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamfunga kamba za viatu, akavifuta tope kwa ncha ya khanga. Akamwinua kwa kumkumbatia kiunoni, kama mtu anayeng'oa nguzo. Walipofika mlangoni Fundi akasema, "Niachie hapa." Mkewe akasita. "Niachie, nimesema." Akaingia peke yake, mkono ukutani, kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi mpaka mistari inakata. Alipokaa jasho lilikuwa linamtiririka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Hamjambo hapa?"

Nikaanza. Unaweza kuvaa bila msaada?

Akacheka. "Fundi asiyeweza kuvaa suruali yake ni fundi gani huyo?"

"Kwa hiyo unaweza?"

"Naweza."

Kufika chooni? Naweza. Kuoga? Naweza. Kusimama kwa muda wa kupika chai? "Hata nikitaka kuipika sufuria mbili." Alikuwa ananitazama usoni kila alipojibu. Macho yake yalikuwa yananiomba jambo, nami nilijiambia ananiomba heshima. Basi nikampa. Nikabonyeza anaweza, anaweza, anaweza, mpaka mwisho.

Alipotoka, mkewe alikuwa amesimama palepale. Aliniangalia mimi, hakumwangalia mumewe. Nikajifanya natafuta kalamu.

Alichosema nimeandika. Hivyo ndivyo tulivyoagizwa. Nimejirudia maneno haya njia nzima na bado hayajaniingia.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mama naye ameitwa, Jumanne. Alipatwa na kiharusi mwaka juzi, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Alikuwa mshonaji, cherehani sasa imefunikwa shuka pale pembeni. Tunaishi wawili. Kwa kuwa ni mama yangu, siruhusiwi kumhoji. Atahojiwa na Kipaza.

Baada ya chakula cha mchana nikakaa naye barazani.

"Mama, watakuuliza kama unaweza kupika. Sema huwezi."

"Si nachemsha chai kila siku?"

"Usiitaje chai. Sema huwezi. Wakikuuliza kuhusu kuvaa, sema navalishwa na mwanangu."

"Hunivalishi. Unanifunga vifungo vya juu tu."

"Mama, tafadhali. Na wakikuuliza hali, usiseme hujambo."

Akanikazia macho. "Kwa hiyo nikisalimiwa nifanye nini? Nibweke?"

Nikacheka, akacheka, kisha tukarudia majibu yote kama mtoto na shairi la shule. Alipoyashika sawasawa nikamsifu. Wakati wote ule, Fundi alikuwa amenikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Jumanne, 17 Machi

Mama amehojiwa. Hakukosea hata neno. Kipaza amenipa dole gumba kutoka ng'ambo ya ukumbi, nami nikainamia faili.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua. Soksi za Bosi zimeanza kunuka. Hakuna anayethubutu kusema.

Ijumaa, 27 Machi

Majibu yamebandikwa ubaoni. Mama amebaki. Bibi asiyeona ametoka. Fundi ametoka.

Watu walijazana mbele ya ubao na miavuli yao, wanaosoma wakiwasomea wasiojua. Nilikuwa ndani, nikisikia jina likisomwa na kimya kikifuata. Wengi walioondolewa walipita meza yangu. Waliopita kwa Kipaza wengi wamebaki. Nikadhani labda yeye anadanganya, na nikaona afadhali nidhani hivyo.

Jumatano, 8 Aprili

Nimekutana na mke wa Fundi nje ya gesti ya karibu na stendi. Ameanza kufua mashuka pale. Mikono imevimba, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Baba anaendeleaje?"

"Anaendelea." Akahamisha beseni upande wa pili wa kiuno. "Asubuhi namwachia maji na chungu cha haja ndogo. Nikirudi jioni namkuta palepale nilipomweka. Si mliandika anaweza?"

Hakusema kwa hasira. Laiti angenitukana. Nilimwambia kuna rufaa, anaweza kukata rufaa, nitamsaidia kuandika.

"Nimemwambia. Amesema hataenda kuwaambia watu kwamba yeye si mwanamume." Akaingia ndani na beseni lake.

Nilipaswa kumfuata. Mvua ilikuwa inaanza, nikaenda nyumbani.

Jumanne, 14 Aprili

Siku ya kawaida. Mama amechemsha chai. Nimeinywa kwa shida.

Jumanne, 21 Aprili

Lazima niandike yote.

Asubuhi ilinyesha mvua ya kutisha, ile ambayo huoni nyumba ya jirani. Kiasi cha saa tano mke wa Fundi akaingia ofisini amelowa chapachapa, bila viatu. Akaipita foleni, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Twende," akasema. "Twende ukamwangalie huyo anayeweza."

Njiani akanieleza, akitembea mbele yangu kwa kasi nisiyoimudu. Fundi alishikwa na haja kubwa. Choo chao kiko nyuma ya nyumba, uani. Akajivuta kutoka kitandani, akafika mlangoni, akatoka. Alianguka katikati ya uwanja, kwenye tope. Mvua ikimnyeshea, akaita, lakini mabati yalikuwa yanapiga kelele na hakuna aliyesikia. Jirani aliyetoka kukinga maji ndiye aliyemwona. Alidhani ni gunia.

Tulipofika walikuwa wameshampeleka hospitali. Mke wake hakugeuka kuelekea hospitali. Alinipeleka uani kwanza. Akaninyooshea kidole mahali tope lilipokuwa limekwanguliwa, alama za viganja vya mumewe, ndefu, kama mtu aliyetaka kupanda ukuta uliolala.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Siku ile pia uliona."

Nikaelekea hospitali.

Hospitali nilimkuta amefungwa mkono uliovunjika, kifua kinakoroma kwa baridi iliyomwingia. Aliponiona akajaribu kujiinua kwenye mto.

"Binti," akasema. "Hamjambo ofisini?"

Nikatoka nje nikalia nyuma ya gari la wagonjwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Nilimngoja Kipaza mpaka watu wakaisha.

"Wewe watu wako unawafanyaje?" nikamuuliza. "Mbona wanabaki? Unawalisha?"

Akashangaa. "Siwalishi. Si hunisikia kila asubuhi?"

Ni kweli kila asubuhi, kabla ya kufungua milango, Kipaza husimama ukumbini na kupiga kelele, nami hufunga mlango wangu ili nisisikie porojo zake. Nikamwuliza huwa anasema nini.

Akasimama palepale, akatoa sauti yake ile ya kuvunja vioo: "Wazee wangu, hapa hatuulizi salamu! Tunauliza siku ile unayoshindwa! Usiniambie unavaa, niambie nani anakuvalisha! Mficha uchi hazai!" Akakaa. "Basi. Ni hilo tu. Wanacheka, wanaingia, wanasema kweli. Bosi alinisikia wiki ya kwanza."

"Akasemaje?"

"Akasema nipunguze sauti."

Miaka yote nimemwona huyu kijana kama mchekeshaji. Alisimama hadharani akafanya kwa watu wote kile ambacho mimi nilimfanyia mtu mmoja barazani kwangu, kwa kunong'ona.

Jumanne, 28 Aprili

Nimeingia kwa Bosi, nikafunga mlango. Nikamwambia habari ya Fundi tangu viatu mpaka tope. Nikasema nataka rufaa yake ipelekwe na nitoe ushahidi mwenyewe kwamba nilibonyeza nisichokiamini.

Nilitarajia jiwe. Akauliza tu, "Bado yuko wodini?"

"Bado."

"Nikipeleka hili juu, jina la kwanza kuulizwa ni lako."

"Najua."

"La pili ni langu. Mimi ndiye niliyewatisha." Akavua miwani, akafikicha macho. "Juu waliniambia orodha ni ndefu mno. Hawakuniambia nimtoe nani. Niliona nikiwaziba ninyi midomo, angalau asiyestahili kuondolewa hatatoka mkononi mwangu, atatoka mkononi mwa kompyuta." Akacheka kidogo bila furaha. "Peleka. Nitatia sahihi."

Jumatano, 6 Mei

Fundi ametoka hospitali, kwa kiti cha magurudumu cha kuazima. Nimemsihi kuhusu rufaa. Amekataa. Mkewe akamwambia mbele yangu, "Basi mimi nife kwa mashuka ya watu ili wewe uitwe mzima." Fundi akageuza uso. Baadaye akasema, "Haya."

Jumapili, 10 Mei

Mvua imepungua. Sijafanya lolote leo.

Jumatatu, 18 Mei

Kikao cha rufaa kilikuwa kwenye chumba chenye zulia na feni. Walikuwepo watatu: daktari, karani, na mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Fundi kwenye kiti, mkewe nyuma yake, mimi pembeni.

Mwenyekiti akaanza na mimi. Nikaeleza nilichokiona ukumbini, na jasho, na nilichobonyeza.

"Kwa nini ulibonyeza hivyo?"

"Kwa sababu alisema anaweza."

"Hukumuuliza zaidi?"

"Tuliambiwa tusiwalishe watu maneno."

"Na ulitii kwa kila mtu?"

Swali lenyewe alilitupa tu, alikuwa anapekua karatasi. Ningesema ndiyo, tungeendelea. Nilimwona mke wa Fundi kwa pembe ya jicho.

"Hapana," nikasema. "Mama yangu nilimfundisha. Nilimkalisha chini nikamwambia la kusema. Na mengine hayakuwa kweli."

Karani akaacha kuandika, kisha akaanza tena. Mke wa Fundi aligeuka akanitazama. Sikujua unaweza kutazamwa hivyo na mtu asiyesema neno.

Mwenyekiti akamgeukia Fundi. "Baba, tueleze siku yako inakwendaje tangu unapoamka."

"Inakwenda vizuri."

Feni ikazunguka.

"Baba, hapa hakuna aibu."

Fundi akainua macho, akautazama ukuta. "Plasta hii walikosea," akasema. "Mchanga ulikuwa mwingi. Itabanduka."

Ndipo mkewe akasema. Alisema akiwa amesimama, mikono yake iliyovimba juu ya mgongo wa kile kiti. Kwamba anamwamsha, anamgeuza. Anamvua na kumvalisha. Anampeleka choo na kumsafisha, kila siku ya Mungu, na akichelewa anamkuta alivyomkuta. Kwamba usiku mumewe hulia akidhani yeye amelala. Alisema yote bila kupandisha sauti, kama mtu anayetoa vitu ndani ya nyumba inayovuja na kuvipanga nje watu wote wakiona.

Fundi aliinamisha kichwa, kidogo kidogo, mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Basi, mama," akasema. "Inatosha. Wamesikia."

Nje nilimsaidia kushusha kiti ngazi. Mkewe alikuwa ametangulia kutafuta gari. Fundi akanishika mkono.

"Siku ile uliponiandika naweza, nilitoka pale najisikia mtu. Nilijua si kweli, na wewe ulijua. Kwa lile, binti, sikukasirika nawe hata kidogo."

"Baba, nisamehe."

"Kwa lile nimekwisha kukusamehe. Kwa hili la leo, niache kwanza."

Jumanne, 19 Mei

Nimemwambia Mama.

"Umenitaja?"

"Ndiyo."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Nitengee maji ya kuoga," akasema. Hajasema nami neno jingine.

Ijumaa, 29 Mei

Fundi amerudishiwa posho. Kikao pia kimeagiza wote niliowahoji mimi waulizwe tena, majumbani kwao, mbele ya wale wanaowatunza. Mama yangu naye ataitwa upya, ofisini. Mimi nimeondolewa mezani. Nitakuwa nawatangulia maafisa mtaa kwa mtaa kuwaeleza watu nini kinakuja. Bosi amepewa onyo. Kipaza atawafundisha wengine kuhoji. Wameomba afundishie nje.

Nimepita kwa bibi asiyeona. Ana makovu mapya hadi kiwikoni. Nimemwambia watakuja, na aonyeshe mikono. Akaniuliza, "Si wewe uliyeniuliza mara ya kwanza?" Nikasema ni mimi. "Sauti yako leo ni nyingine," akasema, akarudi kwenye jiko lake.

Kisha nikapeleka habari kwa Fundi. Mkewe alifungua mlango nusu. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa.

"Nimesikia. Asante kwa kuja."

Hakusema karibu. Ndani nilisikia kiti kikisogea, lakini hakuna aliyeniita. Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza, nami nikabaki na viatu vyangu kwenye tope. Sikustahili zaidi ya hapo. Nimejaribu kutofikiri kwamba nilistahili zaidi.

Alhamisi, 4 Juni

Leo Mama amehojiwa upya na afisa aliyetoka ofisi nyingine. Alivaa gauni lake alilolishona mwenyewe zamani. Nilitaka kuingia naye, akanizuia kwa mkono wake mzima.

"Wewe kaa."

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini na watu wengine. Mlango wa ubao ule hauzuii kitu.

"Mama, unaweza kuchemsha chai?"

"Chai nachemsha. Nilikataa mara ya kwanza, nilisema uongo. Andika naweza."

"Kuvaa?"

"Navaa. Vifungo vya juu vinanishinda."

"Usiku unalala vizuri? Unaweza kufika chooni?"

Nilijua jibu, tulilikariri barazani kwamba anaweza, maana nilijua anaweza.

"Siwezi," akasema Mama. "Tangu mvua zianze. Mguu hauamki kwa wakati. Naloanisha kitanda. Naamka kabla ya mwanangu, nafua shuka kwa mkono mmoja, nalianika nyuma ya nyumba. Akiniuliza nimeamkaje namwambia salama. Hajui."

Mtu wa jirani yangu pale benchini alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Miezi mitatu nimekuwa nikiuliza hali za watu wa mji mzima. Nikadhani mamangu nimemfundisha kusema mabaya kuliko yalivyo.

Alipotoka hakunitazama. Tulitembea hadi nyumbani, njia imeanza kukauka. Tulipofika nilizunguka nyuma ya nyumba. Shuka lilikuwa kwenye beseni, halijafuliwa. Leo alichelewa kwa kujiandaa. Nikachuchumaa nikaanza. Nikasikia mguu wake ukiburuzika.

"Acha hilo."

Sikuacha. Alisimama juu yangu kwa muda. Kisha akainama, akashika ncha moja ya shuka kwa mkono wake wa kushoto, nami nikashika ya pili, tukaanza kulikamua, yeye kwake mimi kwangu. Nikalegeza kidogo nisimvute.

"Kaza," akasema Mama. "Ukinionea huruma halitakauka."

Nikakaza.